Somo la Mwezi Huu Ni Mwezi Wenyewe

Kila majira ya kupanda yakaribiapo, yako maswali ambayo hayakosekani katika barua za wakulima. Mmoja huuliza, "Je, ni kweli ya kuwa mtu asipande mahindi mpaka mwezi uandame?" Mwingine ataka kujua kama mwezi ukilala chali huzuia mvua. Wa tatu, naye ni mfugaji, huuliza kwa nini simba huja bomani siku fulani za mwezi na siku nyingine hawaonekani. Maswali haya si ya upuuzi hata kidogo. Mkulima angojaye mwezi siku kumi, hali ardhi imekwisha lowa, ametupa siku kumi za mvua, na mahindi yaliyochelewa hayalipi deni hilo mpaka kuvunwa. Basi ni afadhali tuujue mwezi wenyewe kwanza: ni kitu gani, una ukubwa gani, umeumbwa kwa nini, na ulitoka wapi. Baada ya hapo kila mtu ataweza kuyapima mwenyewe aliyoambiwa.

Tuanze na punje moja ya mbaazi. Usiku wa mwezi mpevu ishike punje hiyo kwa vidole viwili, unyoshe mkono sawasawa, na ufumbe jicho moja. Utaona ya kuwa mbaazi yaufunika mwezi wote. Fanya hivyo mwezi unapochomoza, wakati uonekanapo mkubwa kama sinia, kisha ungoje mpaka usiku wa manane ukiwa juu kichwani, ufanye tena. Mbaazi ni ile ile na mwezi wafunikwa vile vile. Ule ukubwa wa jioni ni macho yetu yanayotudanganya kwa sababu ya miti na vilima vilivyo karibu nao.

Ukubwa wake wa kweli, ukipima kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili kwa kupita katikati, ni kilomita 3,474. Dunia ni kilomita 12,742, yaani mara tatu na nusu na zaidi. Kama dunia ingekuwa chungwa, mwezi ungekuwa kama gololi ya watoto. Lakini gololi hiyo usiiweke kando ya chungwa, kama wafanyavyo wachoraji wa vitabu vya shule kwa kukosa nafasi katika karatasi. Iweke mbali, kadiri ya hatua tatu. Maana umbali wa mwezi ni kilomita 384,400 kwa wastani. Njia yake si duara kamili, basi mara husogea mpaka kilomita 363,000 hivi, na mara huenda mpaka 405,000. Lori litokalo Mombasa kwenda Nairobi husafiri kama kilomita 480. Lingelazimika kufanya safari hiyo mara 800 ndipo lifike.

Sasa sikiliza neno moja, uliweke akilini, maana tutalihitaji mbele. Kama dunia ingekuwa ghala tupu, ingeingia miezi 49 ndani yake. Lakini ukiviweka katika mizani, itakupasa kupakia miezi 81 ndipo ilingane na dunia moja. Ni kusema kwamba debe moja la mwezi ni jepesi kuliko debe moja la dunia. Debe la dunia, kwa wastani, lina uzito wa mara tano na nusu ya debe la maji. Debe la mwezi ni mara tatu na kidogo tu. Mfanya biashara yeyote akiletewa magunia mawili yaliyo sawa kwa ukubwa na moja likawa jepesi hivyo, atalifungua aone kilichomo.

Kwa sababu ya wepesi huo na udogo wake, mwezi huvuta vitu kwa nguvu ndogo, kadiri ya sehemu moja katika sita za nguvu ya dunia. Gunia la mahindi la kilo 90 ukilibeba huko utaona kama umebeba kilo 15. Hata watoto wangepakia lori.

Mwezi hauna mwanga wake wenyewe. Ule weupe tuuonao ni mwanga wa jua unaoupiga na kurudi kwetu, na wala si mwingi: katika kila sehemu 100 za mwanga unaofika pale, hurudi kama 12 tu. Rangi yake hasa ni kama lami ya barabara iliyochakaa. Huonekana mweupe kwa sababu anga inayouzunguka ni nyeusi kabisa. Na yale mabadiliko ya umbo, kuandama, kuwa nusu, kupevuka na kupungua, si mwezi unaoliwa wala kuzaliwa upya. Usiku, washa taa moja nyumbani, simama mbali nayo, tia chungwa kwenye kijiti, ulizungushe pande zote huku ukilitazama. Upande ulioangazwa utauona mara wote, mara nusu, mara ukingo tu, hali chungwa halikubadilika. Mzunguko huo kutoka mwandamo mpaka mwandamo huchukua siku 29 na nusu hivi, ndiyo maana miezi ya Kiislamu mmoja huwa na siku 29 na mwingine 30.

Jambo la ajabu ni kwamba sisi huuona uso ule ule siku zote. Mwezi huizunguka dunia kwa siku 27 na saa 8 hivi, na kwa muda huo huo hujizungusha wenyewe mara moja tu. Zunguka meza huku uso wako ukiielekea daima. Ukirudi mahali ulipoanzia utakuwa umezitazama kuta zote nne za chumba, lakini meza haikuuona mgongo wako. Mgongo wa mwezi haukuonekana na mwanadamu yeyote mpaka Oktoba 1959, chombo cha Warusi kiitwacho Luna 3 kilipopita nyuma yake kikapiga picha. Wengine huuita upande wa giza, nao hawasemi kweli, maana upande ule hupata jua kama huu.

Mchana wa mwezi huchukua karibu wiki mbili, na usiku wake vile vile. Hakuna hewa ya kupooza jua la mchana wala ya kuhifadhi joto la usiku. Katikati ya mwezi, mchana joto hupanda mpaka digrii 120, zaidi ya maji yachemkayo, na usiku hushuka mpaka digrii 130 chini ya barafu. Pasipo hewa hapana upepo, hapana wingu, hapana umande, wala sauti haisikiki. Mbingu ni nyeusi hata mchana. Nyayo walizoziacha watu pale hazifutiki kwa mvua wala kwa vumbi lipeperushwalo.

Ukitazama mwezi mpevu kwa macho utaona madoa meusi, ambayo watu wengine husema ni sungura na wengine mtu aliyebeba kuni. Watazamaji wa Ulaya wa zamani walidhani ni maji, wakayaita bahari, na jina hilo limebaki katika ramani ingawa hamna hata tone. Ni nyanda za mawe meusi yaliyotoka chini yakiwa yameyeyuka kwa moto, yakatandaa na kuganda, aina ile ile ya mawe uyaonayo Shetani, karibu na vilima vya Chyulu. Sehemu zilizo nyeupe ni vilima, na ni za zamani zaidi. Iko milima pia: Mlima Huygens huinuka zaidi ya mita 5,000 juu ya uwanda wake, hivyo wakaribiana na Mlima Kenya, wenye mita 5,199.

Uso mzima umejaa mashimo ya duara. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama ni vinywa vya milima ya moto, na sasa imeyakinika ya kuwa karibu yote yametokana na mawe yaliyoanguka kutoka angani. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hilo kwa karai. Jaza majivu, nyunyiza unga mweupe juu, kisha dondosha vijiwe kutoka kimo cha kichwa. Utaona duara lenye ukingo ulioinuka, na mistari ya majivu iliyoruka pande zote. Ndivyo lilivyo shimo la Tycho, kusini mwa uso wa mwezi, lenye upana wa kilomita 85: mistari yake huonekana wazi kwa darubini ndogo usiku wa mwezi mpevu. Dunia nayo ilipigwa mawe kama hayo, lakini mvua, mito, na moto wa chini umeyafukia makovu yake. Mwezi hauna mvua ya kufuta kitu. Karibu na ncha zake yako mashimo ambayo jua halijaingia kwa muda usiohesabika, na ndani yake kuna barafu. Chombo cha Wahindi, Chandrayaan-1, kilichofika mwaka 2008, na chombo cha Marekani kilichogongeshwa huko makusudi Oktoba 2009, vilithibitisha kuwa yamo maji yaliyoganda.

Hapa ndipo mkulima atauliza neno lake: udongo wa huko ukoje? Nasi twapenda kukaa hapo kidogo.

Kati ya 1969 na 1972 Wamarekani 12 walitua mwezini kwa safari sita za Apollo. Wa kwanza walikuwa Neil Armstrong na Edwin Aldrin. Armstrong alitia mguu chini alfajiri ya tarehe 21 Julai 1969 kwa saa zetu, karibu saa kumi na mbili, wakati watu wetu wakikamua ng'ombe. Kwa safari zote sita wakarudi na mawe na udongo wa kilo 382. Katika safari ya mwisho, Desemba 1972, alikuwamo Harrison Schmitt, bingwa wa elimu ya mawe, na tangu siku ile mpaka mwisho wa karne hakuna mtu aliyekanyaga pale tena. Wachina wamechukua udongo kwa mashine: mwaka 2020 gramu 1,731 kutoka upande wetu, na Juni 2024 gramu 1,935 kutoka mgongoni, wa kwanza kuletwa kutoka huko.

Udongo huo ni unga wa kijivu uliosagwa na mawe yaangukayo kwa mamilioni ya miaka, na kina chake ni kama mita 4 au 5 katika nyanda nyeusi, na zaidi ya mita 10 vilimani. Hauna mboji hata chembe, kwa kuwa hapakuota wala kuoza kitu. Hauna wadudu, hauna hewa. Una kalisi, chuma, alumini na magnesi ya kutosha, lakini naitrojeni hamna ila kidogo sana iliyoletwa na pumzi ya jua. Tena punje zake hazikuviringika kama mchanga wa mto. Zina makali kama vigae vya chupa, na nyingi ni kioo hasa. Wale watu wa Apollo walisema una harufu kama ya baruti.

Kwa miaka 50 hakuna aliyeruhusiwa kupanda mbegu katika udongo huo wa thamani. Hatimaye mabingwa wa Chuo Kikuu cha Florida walipewa gramu chache, nao Mei 2022 wakatangaza matokeo. Walipanda mmea mdogo wa jamaa ya haradali na sukuma wiki, kila mbegu katika gramu moja tu ya udongo, wakautilia maji na chakula cha mimea. Mbegu nyingine walizipanda katika majivu ya volkano ya hapa duniani yaliyofanana nao, ili wapate kulinganisha. Mbegu zote ziliota kwa siku mbili tatu, na wenyewe wakashangaa. Lakini kufika siku ya sita tofauti ilionekana. Mizizi ya mimea ya udongo wa mwezi ilidumaa, majani yakawa madogo, mengine yakaingia wekundu kama mahindi yaliyokosa fosfeti. Baada ya siku 20 walivuna, wakachunguza, wakaona mimea ile ilikuwa ikipigana kama mmea uliopandwa penye chumvi au madini makali. Tena udongo uliokaa juu kwa muda mrefu zaidi, ukapigwa na jua na vumbi la angani, ndio uliodumaza mimea kuliko mwingine. Mwenye shamba lililochoka atayaelewa maneno haya upesi. Udongo si unga wa mawe tu. Ni kazi ya mizizi, minyoo na majani yaliyooza kwa karne nyingi, na kazi hiyo mwezini haijafanyika hata siku moja.

Wachina nao walipeleka mbegu za pamba mgongoni mwa mwezi Januari 2019, ndani ya kopo lenye udongo wa dunia, maji na hewa. Moja ikachipua. Usiku wa mwezi ulipoingia baridi ikaiua.

Tufike sasa penye swali kubwa: mwezi ulitoka wapi? Makabila yetu yana hadithi zake, nazo ni mali ya wazee, hatuzigusi hapa. Tutafuata mambo yanayopimika.

Zamani mabingwa walikuwa na mawazo matatu. George Darwin, mwana wa yule Charles Darwin maarufu, alisema mwaka 1879 ya kuwa dunia ilipokuwa laini ilizunguka kwa kasi kubwa hata kipande kikarushwa nje, kama tope lirukavyo katika gurudumu. Wengine walisema mwezi ni mgeni aliyekuwa akipita, akanaswa na mvuto wa dunia, kama ng'ombe aliyepotea akaingia boma la jirani. Wengine tena walisema dunia na mwezi ni mapacha, walioumbwa bega kwa bega katika vumbi lile lile. Kila wazo lilikuwa na kasoro yake, lakini pasipo mawe ya mwezi mkononi hapakuwa na wa kuamua.

Mawe ya Apollo yalipofunguliwa, ushahidi ulitoka wa namna nne. Kwanza ni oksijeni iliyomo ndani ya mawe. Oksijeni ina aina tatu zitofautianazo uzito, na jinsi zilivyochanganyika ni kama chapa ya ng'ombe: mawe yaliyotoka sayari ya Mars yana chapa yake, mawe mengine ya angani yana zao. Chapa ya mwezi na ya dunia ikaonekana ni moja. Basi mgeni kutoka mbali hakuwa. Pili ni lile debe jepesi. Karibu theluthi ya uzito wa dunia ni chuma, na kingi chake kimezama katikati. Kiini cha chuma cha mwezi ni sehemu moja au mbili tu katika 100 za uzito wake. Mapacha wa kweli wangegawana chuma sawasawa. Tatu, mawe ya mwezi yamepungukiwa sana na vitu virukavyo kwa moto, kama maji, sodiamu na zinki, mfano wa chungu kilichosahauliwa jikoni kikakauka. Nne, na hili ndilo lipendezalo kwangu, ni vile vilima vyeupe. Jiwe lake ni jepesi, la namna ambayo huganda na kuelea juu ya mawe yaliyoyeyuka, kama malai yaeleavyo juu ya maziwa. Kwa mwezi mzima kufunikwa na malai, ilipasa mwezi mzima uwe umeyeyuka, bahari ya moto yenye kina cha mamia ya kilomita.

Mwaka 1975 Wamarekani wawili, William Hartmann na Donald Davis, walileta wazo lililoweza kubeba ushahidi huo wote, na mwaka uliofuata Alastair Cameron na William Ward wakaleta lao lililofanana nalo. Walisema dunia ilipokuwa changa iligongwa na sayari nyingine yenye ukubwa kama wa Mars. Sayari hiyo baadaye ilipewa jina la Theia, mama wa mwezi katika hadithi za Wagiriki. Kiini chake cha chuma kikazama na kuungana na chuma cha dunia. Mawe ya juu, yake na ya dunia, yakaruka angani yakiwa moto na mvuke, yakaizunguka dunia, kisha yakakusanyika yakawa mwezi. Ndiyo sababu debe lake ni jepesi, ndiyo sababu umekauka, na ndiyo sababu uliyeyuka wote. Mabingwa walipokutana Hawaii mwaka 1984 wengi walilikubali wazo hilo kuliko mengine, na mpaka leo ndilo linaloongoza.

Lakini ubishi haujaisha. Kama Theia alikuwa mgeni, kwa nini chapa ya oksijeni haikubadilika? Wengine hujibu ya kuwa alizaliwa jirani mno, akawa na chapa ile ile. Wengine husema mgongano ulikuwa mkali hata vyote viwili vikachanganyika kama uji, usijue tena unga wa huyu na wa yule. Jibu la pili lanivuta zaidi, lakini mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kesi hii ina mahakimu wengine.

Tarehe ya jambo hilo yajulikana kwa madini ya urani, ambayo hugeuka kuwa risasi polepole kwa kipimo kisichobadilika, mfano wa mshumaa uwakao. Aonaye risasi iliyopatikana na urani iliyobaki hujua mshumaa uliwashwa lini. Punje moja ya madini iliyoletwa na Apollo 17 imepimwa ikaonekana ina miaka milioni 4,460. Punje ya kale kuliko zote zilizopatikana duniani, huko Australia, ina miaka milioni 4,400 hivi. Zile nyanda nyeusi ni za baadaye, nyingi zina miaka milioni 3,000 na zaidi. Lakini mawe yaliyoletwa mwaka 2020 yana miaka milioni 2,000 tu, na hilo limewafanya mabingwa waanze upya hesabu ya lini moto wa mwezi ulizimika.

Mwanzo mwezi ulikuwa karibu mno, na siku ya dunia ilikuwa ya saa chache tu. Kilichouondoa ni maji ya bahari. Mwezi huyavuta maji yaliyo upande wake kwa nguvu kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na dunia kuliko maji ya upande wa pili. Kwa hiyo maji huinuka pande zote mbili, nasi hupata maji kujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, wavuvi wakapata bamvua, na Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, huvuta kwa njia mbili zinazopishana, ikawa maji mafu. Mwendo huo wa maji huisugua dunia kama breki, siku zikarefuka, na mwezi ukasukumwa mbali. Apollo 11, 14 na 15 ziliacha vioo pale, na mwanga wa leza ukipelekwa hurudi baada ya sekunde mbili na nusu. Kwa vioo hivyo yajulikana ya kuwa mwezi hutuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka, karibu sawa na kucha zinavyokua. Nayo matumbawe yatoa ushahidi. Hukua kwa vipande vidogo kila siku, na mwaka 1963 John Wells wa Marekani alivihesabu katika matumbawe yaliyogeuka mawe, ya miaka milioni 380 hivi. Alikuta mwaka wa wakati ule ulikuwa na siku kama 400.

Sasa turudi shambani. Kama mwezi waweza kuinua bahari, hauwezi kuvuta maji ya udongo na utomvu wa mbegu? Hauwezi, kwa kadiri ya kumfaa mkulima. Bahari huinuka kwa sababu ina upana wa maelfu ya kilomita, na mvuto wa mwezi watofautiana toka upande huu hata ule. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,000 hivi, na hata hivyo hakuna mvuvi wa Kisumu aliyeona maji yakijaa na kupwa kwa ajili ya mwezi. Seuze shamba la eka tatu. Mbegu yangoja unyevu na joto, na ardhi ikilowa vya kutosha ndiyo siku ya kupanda, mwezi uwe mwembamba au uwe haupo.

Habari ya mwezi kulala ni nyingine, na hapo wazee waliona kitu. Kwetu karibu na ikweta jua hutua kama limedondoka wima, na sehemu ya mwezi mchanga iliyoangazwa hulielekea jua chini, basi mwezi hulala kama bakuli. Mwezi wa Juni na Desemba hulala karibu sawasawa. Machi bakuli huinama mdomo ukielekea kaskazini, na Septemba huinama kusini. Tazama basi: mwezi huinama, kisha masika yaja, huinama tena, na vuli yaja. Wazee walikuwa wakisoma kalenda. Lakini kalenda haijui mvua itakuwa nyingi au haba. Machi ya 1984 na ya 2022 mwezi uliinama kama desturi yake, na masika yakawa haba, mifugo ikafa.

Ziko kazi mbili ambazo mwanga wa mwezi una hesabu nazo. Mitego ya taa ya kunasa nondo wa viwavi jeshi hunasa wachache mwezi ukiwaka, maana taa hushindana nao. Basi nondo wachache usiku wa mwezi mpevu si dalili ya usalama. Na yule mfugaji wa simba aliuliza sawasawa. Mwaka 2011 wataalamu walichapisha hesabu ya mamia ya watu walioshambuliwa na simba kusini mwa Tanzania kati ya 1988 na 2009. Mashambulio yalizidi katika siku kumi zifuatazo mwezi mpevu, na mengi yalikuwa saa za kwanza za usiku. Simba huwinda vibaya katika mwanga, hivyo hulala njaa mwezi ukikaribia kupevuka. Halafu mwezi huanza kuchelewa kama dakika 50 kila siku. Ukichomoza saa kumi na mbili na nusu jioni ya mwezi mpevu, siku ya tatu baadaye utachomoza karibu saa tatu usiku, na siku ya saba karibu saa sita. Muda ule wa giza kati ya jua kutua na mwezi kuchomoza ndio saa ya simba mwenye njaa. Siku hizo kumi ng'ombe waingizwe mapema, mlango wa boma ufungwe kwa miiba kabla ya giza, na mtoto asitumwe mtoni jioni.